Skrini Ina Taa, Karatasi Haina: Kuediti na Kuprinti Picha za Wanyama Hapa Nyumbani

Wengi wetu hapa Nairobi tunaopiga picha za wanyama tuna ugonjwa mmoja, picha zinakaa kwa hadidiski mpaka siku hadidiski inakataa kuwaka. Unaamka kukiwa giza, saa kumi na mbili asubuhi uko kwa geti pale Lang'ata Road, unazunguka Nairobi National Park mpaka jua linakuwa kali, unarudi na mamia ya mafaili, unachagua moja, unaipandisha kwa simu, watu wanabonyeza kale ka moyo, na kesho yake hata wewe mwenyewe hukumbuki kama ilikuwa twiga ama kongoni. Mimi nilichoka na hiyo maisha nikanunua printa. Na kitu ambacho singeamini kama ningeambiwa na mtu ni kwamba hiyo printa imenifunza kuediti kuliko video zote nimewahi kuangalia, manake karatasi haikubembelezi.

Sababu yenyewe ni rahisi mpaka inachekesha. Skrini ina taa nyuma yake, karatasi haina. Picha ikiwa kwa skrini inakurushia mwanga machoni moja kwa moja, ikiwa kwa karatasi inangoja mwanga wa chumba uigonge ndio urudi kwako, kwa hivyo hakuna kitu kwa hiyo picha kitakuwa cheupe kuliko karatasi yenyewe wala cheusi kuliko wino. Ukishaishika hiyo, karibu mambo mengine yote ya kuprinti yanajieleza.

Uliza mtu yeyote ameanza kuprinti kwa nyumba malalamiko yake ya kwanza ni gani, atakwambia picha imetoka giza. Atalaumu printa, alaumu wino, alaumu yule jamaa alimuuzia karatasi. Mara nyingi shida ni laptopu iko na mwangaza umepandishwa mpaka mwisho. Wale wanaofanya hii kazi kila siku wanaweka skrini zao kama kandela 80 hadi 120 kwa kila mita mraba, na laptopu nyingi za siku hizi ukizifungulia mwisho zinapita 250 bila jasho, sa wewe umekaa hapo na hiyo taa yote unaediti nyati, unaona mpaka matope yamekauka kwa shavu lake, unasema vivuli viko poa, kumbe ni taa ilikuwa inakusaidia kuona. Ukiprinti unapata shimo jeusi lenye pembe.

Kuna vifaa vya kupima skrini, vile vidude unaning'iniza juu ya kioo vinasoma rangi halafu vinatengeneza profaili, yaani faili ya kurekebisha rangi za skrini, Spyder na Calibrite ndio majina utasikia sana. Ni vizuri, lakini si bei ya kuamka tu ununue, na ukipata rafiki ako nacho azima, manake kazi yake huifanyi kila siku. Bila hicho kuna njia ya mkono mtupu ambayo inakufikisha mbali: fungua ukurasa mweupe kwa skrini, shika karatasi nyeupe kando yake ukiwa karibu na dirisha mchana, alafu shusha mwangaza wa skrini polepole mpaka hizo nyeupe mbili zikaribiane. Utashtuka venye unashuka chini. Siku ya kwanza utaona kama skrini inakufa, baada ya muda macho yanazoea na unashangaa ulikuwa unaishi aje na ile tochi usoni. Na zima ile modi ya usiku inayofanya skrini iwe ya njano njano, hiyo ukiisahau utapambana na rangi ya buluu kwa karatasi na hujui inatoka wapi.

Sa kwa kamera. Piga RAW, ile faili ghafi ya kamera kabla haijaminywa kuwa JPEG ya kawaida. Najua inakula memori kadi na najua laptopu ya zamani inalia ikizifungua, lakini hesabu ni hii: JPEG inabeba ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi, faili ya RAW ya biti 14 inabeba 16,384. Kwa simu hutaona tofauti. Utaiona siku unajaribu kutoa uso wa ngiri kwenye kivuli cha mgunga, JPEG itaanza kutoa madoa na mistari, RAW itakuachia tu uso wa ngiri na ubaya wake wote. Kitu kingine RAW haiharibiki, ukiediti programu inaandika maagizo tu kando, faili ya mwanzo inabaki venye ilikuwa, kwa hivyo hata miaka ijayo ukiwa umejua zaidi unairudia upya.

Programu za kulipia kila mwezi zipo na ni nzuri, lakini mimi natumia darktable ambayo ni ya bure kabisa, na kuna RawTherapee pia ya bure. Darktable mwanzoni inatisha, vibonyezo vimejaa kila mahali na majina yake ni ya kisayansi, lakini ukweli ni kwamba utatumia vichache sana. Vingine viache tu huko.

Mwanga wetu hapa una tabia zake na lazima uzijue kabla hujagusa slaida yoyote, vile vitelezi vya kurekebisha picha. Tuko karibu na ikweta, jua linatoka karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima na linapanda wima, ile rangi ya dhahabu unaona kwa picha za nchi za mbali ikikaa masaa, hapa kwetu inapita haraka sana. Kufikia saa tatu hivi mwanga ni wa kutoka juu, macho ya mnyama yameingia kivulini chini ya paji la uso, mgongo unang'aa. Punda milia saa tano mchana ni mtihani wa taifa, mistari meupe inaungua na mistari meusi inazama, vyote kwa picha moja. Hapo ushauri wangu ni upige ukiwa umepunguza mwanga kidogo ili weupe usiungue, manake kivuli kwa RAW unaweza kukipandisha lakini weupe ulioungua hauna kitu ndani, hakuna slaida inarudisha kitu ambacho kamera haikuandika. Na ukiprinti, mahali pameungua printa haitii wino kabisa, unabaki na karatasi tupu inametameta tofauti na sehemu zingine, hasa kwa karatasi ya glosi. Ukiinamisha hivi unaona kama mtu amekwangua.

Ndio maana nasema Julai ambayo watu wote wanailalamikia, ile baridi na mawingu siku nzima, ni mwezi mtamu sana kwa mtu wa kuprinti. Mawingu yanatawanya mwanga, mistari ya punda milia inakaa ndani ya kile karatasi inaweza kubeba. Picha kwa simu itaonekana imepoa, haina shangwe. Kwa karatasi inakuja na undani wote wa manyoya. Shida ya Julai ni rangi tu, mawingu yanafanya kila kitu kiwe cha buluu na kamera ikiwekwa ijichagulie yenyewe mara inapatia mara inakosea. Tafuta kitu cheupe ama cha kijivu ndani ya picha urekebishie hapo. Yangeyange anayemfuata nyati ni rula nzuri ya weupe, kama hajaoga vumbi. Msimu wa kiangazi nayo shida ni udongo, barabara za murram zinarusha wekundu kutoka chini mpaka tumbo la pofu linakuwa la machungwa, na hapo mimi huwa sipigani nao sana, huo wekundu ni wa kwetu, ukiufuta wote mnyama anakaa kama amepigwa picha studio.

Kuna picha moja aina ya simba kwenye nyasi kavu ambayo kila mtu hapa Nairobi anayo. Kwa skrini simba anaonekana vizuri. Printi sasa. Anapotea! Simba ni rangi ya nyasi, nyasi ni rangi ya simba, hiyo ndiyo kazi yake mwenyezi Mungu alimpa, na kwa skrini ile taa ya nyuma ilikuwa inamtenganisha kidogo na nyasi ambapo karatasi haina hiyo huruma. Dawa ni kazi ya sehemu sehemu, unachora maski, yaani mpaka wa sehemu unayotaka kurekebisha, juu ya simba unampandisha mwanga kidogo sana, nyasi za nyuma unazishusha kidogo sana na kuzipunguzia makali. Mabwana wa zamani walifanya hivyo hivyo ndani ya chumba cha giza, wanaziba mwanga kwa kiganja sehemu moja wanauachia sehemu ingine wakati picha inachapwa, kwa hivyo usiskie mtu akikwambia kuediti ni udanganyifu wa kompyuta. Ujanja niliouona unasaidia ni kuifanya picha iwe ndogo sana kwa skrini, kama stampu, kisha ujiulize bado unajua mnyama ni gani na anaangalia wapi. Kama hujui, hiyo picha haijaiva.

Macho ndio watu wanaharibu sana. Wanapandisha macho ya chui mpaka yanawaka kama taa za matatu. Kwa simu inavutia, kwa ukuta inachosha, manake picha ya ukutani utaiangalia kila siku ukinywa chai na kitu chochote kimezidishwa kitaanza kukukera kabla mwezi uishe. Nimeanza kuwa na kawaida ya kurudisha kila slaida nyuma kidogo kabla ya kuprinti, hasa rangi. Rangi kali zaidi hazifiki kwa karatasi hata ulie. Mfano mzuri ni yule ndege chole, wa kifua cha zambarau na mabawa ya buluu kali anayependa kukaa juu ya vijiti karibu na barabara. Buluu yake iko nje ya uwezo wa wino wa printa nyingi, skrini inaionyesha, karatasi inaikaribia tu. Ukisukuma slaida ili ulazimishe, kinachotokea ni kwamba manyoya yote ya bawa yanakuwa doa moja la buluu lisilo na mistari. Afadhali rangi iwe tulivu kidogo na manyoya yaonekane.

Kukata picha pia nayo inahitaji hesabu na watu hawapendi hesabu. Kamera ya megapikseli 24 inakupa pikseli 6000 kwa 4000. Karatasi ya A4 kwa pikseli 300 kwa kila inchi inataka 3508 kwa 2480, kwa hivyo uko na nafasi ya kukata na bado ukabaki na A4 safi. Lakini tuseme lenzi yako ni ya milimita 300 tu, duma alikuwa kule kwa kilima, umekata mpaka umebaki na pikseli 2000 kwa upana. Gawanya kwa 240, ambayo bado inakubalika, unapata inchi nane na kidogo. Hiyo ni picha ya kuweka kwa meza, si ya kuweka juu ya kochi. Hakuna ubaya, picha ndogo yenye pambizo kubwa nyeupe inapendeza sana, lakini usiipanue ukitarajia muujiza. Na tafadhali usiprinti kitu umetumiwa na WhatsApp kama picha ya kawaida, ishaminywa hiyo, mwambie mtu akutumie kama dokumenti.

Jambo lingine linasumbua watu ni umbo. Kamera nyingi zinapiga tatu kwa mbili, A4 si tatu kwa mbili, kwa hivyo ama ukate pande ama uache weupe. Acha weupe. Utaona faida yake tukifika kwa fremu.

Sa nifike kwa swali la kama ufute nguzo za stima na majengo yanayoingia kwa picha. Hii park yetu ilitangazwa 1946, ni kama kilomita mraba 117, imezungushiwa ua pande tatu na kusini ndiko kumebaki wazi, na tangu reli ya SGR ya kwenda Naivasha ijengwe daraja lake linakatiza katikati ya park juu ya vichwa vya wanyama. Ukipiga twiga unapata Upper Hill nyuma, unapata Britam Tower, unapata nguzo, unapata treni. Programu za siku hizi zinafuta hizo vitu kwa kubonyeza mara moja. Mimi sifuti. Kusafisha vumbi lililokuwa kwa lenzi, sawa. Kutoa kijani kilichotokana na kioo cha gari, sawa. Lakini kutoa daraja ili twiga aonekane yuko Serengeti, huo ni uongo umeweka kwa fremu. Jarida la National Geographic mwaka 1982 lilisogeza piramidi za Giza kwa kompyuta ili zienee kwa ukurasa wa mbele uliosimama wima, na mpaka leo watu wakizungumzia picha zilizochezewa hiyo lazima itajwe. Walizisogeza tu, hawakufuta kitu. Halafu kwa maoni yangu, twiga mwenye jiji nyuma ndiyo picha ambayo nchi nyingi duniani haziwezi kupiga, sa kwa nini uifanye ifanane na ya kila mtu.

Ukungu wa jiji lakini nauediti. Asubuhi kuna ule moshi na vumbi vinavyokaa kati yako na majengo, slaida ya kuondoa ukungu inasaidia, ila ivute kidogo, ukiizidisha anga linakuwa chafu na ukingo wa twiga unapata mstari mweupe kumzunguka. Huo mstari kwa skrini ndogo hauonekani. Kwa A4 unaonekana ukiwa mlangoni.

Chenga, zile punje punje zinazojitokeza kwa picha, na kunoa, yaani kuongeza makali, nitapita haraka. Chenga za ISO ya juu (ile namba unapandisha kamera ione kwa mwanga mdogo) kwa karatasi zinaonekana kidogo kuliko kwa skrini ukiwa umevuta karibu, kwa hivyo usizisugue mpaka manyoya ya fisi yawe plastiki. Kunoa fanya mwisho kabisa, baada ya kuweka saizi ya kuprinti, na noa kidogo zaidi ya kile unachopenda kwa skrini sababu wino unasambaa kidogo kwa karatasi. Basi.

Printa. Usinunue ya leza kwa hii kazi, leza ni ya barua na risiti. Tafuta ya wino, na kwa mfuko wa mtu wa kawaida ile ya matangi ndiyo inaeleweka, unamwaga wino kutoka kwa chupa badala ya kununua katriji ndogo kila saa. Angalia rangi ni ngapi. Nyingi za ofisi ziko na nne, nyeusi, buluu ya samawati, majenta na njano. Zile za picha kama Epson L8050 ziko na sita, zimeongezewa samawati nyepesi na majenta nyepesi, na hizo mbili nyepesi ndizo zinafanya anga la asubuhi lishuke polepole kutoka kwa buluu mpaka kwa weupe bila kuonyesha vidoti. L8050 inaishia A4, kaka yake L18050 anafika A3 na zaidi kidogo. Ukitembea Luthuli Avenue hapa mjini utaonyeshwa za kila aina, lakini uliza kwanza chupa za wino za hiyo modeli zinapatikana aje na bei gani kabla uangalie bei ya printa yenyewe. Kuna wino wa bei rahisi unauzwa kwa chupa zisizo na jina, na mimi sitii hiyo kitu kwa mashine yangu hata kama ni ya bure, rangi inabadilika kutoka chupa hadi chupa na profaili yoyote uliyo nayo inakuwa haina maana.

Printa ya wino inataka kufanya kazi. Ukiiacha miezi miwili kichwa kinakauka na utatumia wino mwingi kukisafisha kuliko ungetumia kuprinti, kwa hivyo kila wiki nachapa hata kama ni kapicha kadogo ka rangi zote. Na stima ya hapa mnaijua. Ikipotea katikati ya kuprinti kichwa kinabaki wazi nje ya kifuniko chake kikipigwa na hewa, na hapo ndipo kinakauka. Yuupiesi ndogo, ile betri ya akiba, inayokupa dakika za kumalizia ukurasa ni pesa imetumika vizuri.

Karatasi ndiyo sehemu tamu na pia ndiyo sehemu watu wanapotelea. Karatasi ya ofisi ni gramu 80, hiyo sahau. Ya picha inaanzia 180 hivi, mimi napenda ya 260 sababu haijikunji na ukiishika mkononi unajua umeshika kitu. Glosi inang'aa na inatoa weusi mzito, inafaa ndege na rangi kali, lakini ukiiweka mkabala na dirisha unaona dirisha badala ya ndege. Nusu glosi ndiyo rafiki wa kila siku. Matte haing'ai kabisa, weusi wake ni mwepesi zaidi, lakini kwa kifaru mwenye matope ama nyati mzee, ngozi ile ya mikunjo, inakuwa kama unaweza kuigusa. Na niseme tu kwa wale wataniuliza mbona hakuna tembo, Nairobi Park haina tembo wa porini, ukiona tembo hapo ni wale watoto yatima wanaolelewa kule Sheldrick.

Chagua aina moja ya karatasi ukae nayo. Hili nalisisitiza kuliko yote. Ukibadilisha karatasi kila pakiti hutajua kama picha imebadilika sababu ya kuediti kwako au sababu ya karatasi, unakuwa unafukuza kivuli. Kampuni nzuri za karatasi zinatoa profaili ya ICC bure, faili ndogo inayoeleza kompyuta vile hiyo karatasi na hiyo printa zinavyomeza rangi. Ukiwa nayo, iambie programu yako ya kuediti isimamie rangi, halafu nenda kwa mipangilio ya printa uzime usimamizi wake wa rangi. Ukiacha vyote viwili vinasimamia, rangi zinarekebishwa mara mbili na unapata simba mwenye ngozi ya majenta. Kama karatasi yako ni ya kupima tu huko mjini haina profaili, fanya kinyume, acha printa isimamie na uchague kwa orodha aina ya karatasi inayofanana na yako. Njia zote mbili zinafanya kazi. Mmoja tu ndiye awe msimamizi.

Ukiwa na profaili unaweza pia kuiambia darktable ikuonyeshe kwa skrini picha itakavyokaa kwa karatasi kabla hujatumia wino. Utaona inapooza, weusi unakuwa kijivu, na moyo unakuuma kidogo. Usiangalie wakati inabadilika, funga macho ubonyeze, kisha uangalie ukiwa hujalinganisha. Hapo ndipo unaediti kwa ajili ya karatasi, unaongeza kontrasti kidogo, unapandisha vivuli kidogo, na unaiweka kama nakala tofauti na ile ya simu. Nakala mbili, kila moja na kazi yake.

Kabla ya A4 nzima naprinti vipande. Nachukua sehemu moja ngumu ya picha, tuseme jicho la kifaru pamoja na sikio na kipande cha anga, naipanga mara nne kwa ukurasa mmoja, kila moja imepandishwa mwanga kidogo kuliko ya kabla yake, naandika namba kwa penseli pembeni. Alafu naenda nazo dirishani, si chini ya balbu. Balbu nyingi za LED tunazonunua zina rangi yake, zingine za kibaridi zina ukijani fulani, na picha iliyo sawa itaonekana mbaya hapo. Mwanga wa mchana usio wa jua moja kwa moja ndio hakimu. Lakini pia fikiria itaning'inia wapi, kama ni korido ya giza chagua kile kipande kilichopandishwa zaidi. Usitoe hukumu ikiwa bado mbichi pia, ngoja, rangi zinatulia kadri wino unavyokauka. Kabla ya kuweka kwa kioo naipa siku nzima, na msimu wa mvua naipa zaidi.

Fremu sijitengenezei, kuna fundi wangu wa kando ya barabara anayekata mbao vizuri kuliko maduka ya mall. Nilipompelekea ya kwanza aliangalia ile pambizo nyeupe akasema, "Boss wangu, sasa hii nafasi yote ya nini, si tukate tuweke fremu ndogo uokoe mia mbili tatu?" Nikamwambia, "Fundi, hapo weka kadibodi nyeupe kuzunguka, kioo kisiguse wino." Manake kioo kikigusa picha moja kwa moja, unyevu ukiingia zinashikana, na siku ukitaka kuitoa inatoka na ngozi. Akaelewa mara moja, siku hizi anawaambia hata wateja wengine. Umwambie pia akuwekee nyuma kitu kisichokuwa gazeti, gazeti lina asidi na baada ya muda linaachia unjano. Na usiitundike mahali jua la saa kumi linaingia, printa hizi za matangi nyingi zinatumia wino wa dai, rangi iliyoyeyuka kwa maji, ambao unafifia kwa jua haraka kuliko ule wa pigmenti wenye chembe ndogo za rangi.

Kitu kimoja bado kinanishinda kwa hii mashine ni nyeusi na nyeupe. Printa yangu ina wino mweusi mmoja, kijivu inakitengeneza kwa kuchanganya rangi zote, kwa hivyo kijivu chake mchana kinaonekana cha kawaida, jioni ukiwasha taa kinakuwa na ukijani ama uzambarau. Printa za pigmenti za wataalamu zina wino wa kijivu kabisa, zingine aina mbili za kijivu, na hiyo ni bei ambayo siigusi saa hii. Nimejaribu kuipa picha nzima kahawia kidogo kabla ya kuprinti ili kijivu kiwe na rangi niliyoichagua mwenyewe badala ya ile printa inanichagulia, na kwa karatasi ya matte inakubalika sana, hasa kwa vifaru. Punda milia bado. Hao nawapeleka studio.